Sponji Iliyooshwa Ikawa Nyeupe

Somo mmelisikia. Limesomwa vizuri, msomaji hakukwama hata mahali pamoja, na nyinyi mmeitikia vizuri pia. Kuitikia tunaweza. Leo sitalichambua. Nitawapa mfano, halafu nitasema jambo ambalo wazee wa kanisa waliokaa hapa mbele wangependa nisiliseme, kisha tutaendelea na ibada.

Palikuwa na seremala mmoja, mtu wa ulanzi. Sisemi mtu wa kuonja. Nasema mtu ambaye mvua zikishika na mianzi ikianza kutoa, mkewe anajua kwamba mume hana mpaka msimu uishe. Na msimu ukiisha kuna komoni ya mahindi, kwa hiyo msidhani alikuwa anapumzika. Miaka kumi na mmoja. Mkewe aliomba, akafunga, akaombewa, akashauriwa na kila mwenye mdomo. Mnamjua mwanamke wa namna hiyo. Kanisani anakaa upande wa ukutani, na jumuiya haisali nyumbani kwake, kwa sababu walikwenda mara moja na mwenye nyumba akawaporomoshea matusi ya nguoni wakiwa katikati ya wimbo.

Siku moja seremala huyo alipeleka milango kwenye zahanati ya daktari mjini. Katika chumba cha kungojea palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangirangi. Akakaa kuwatazama akimngoja daktari aje akague milango. Daktari alichelewa saa nzima. Seremala alipoinuka akagundua kwamba kwa saa hiyo nzima mikono yake haikutetemeka, wala hakuwaza kilabu cha pombe. Msiniulize kwa nini, maana sijui. Mungu ana njia zake, na nyingine hazipitii kwenye kamati.

Akamtafuta fundi anayehudumia lile tangi. Akamkuta kibandani kwake, kati ya ndoo na mabomba ya plastiki.

"Fundi, nataka tangi kama lile la kwa daktari."

Fundi akamtazama. Akaiona midomo iliyopasuka, akayaona macho, akaelewa anaongea na nani. Akasema, "Nitakutengenezea. Lakini nisikilize vizuri, maana tangi jipya huua samaki. Tena huwaua likiwa safi kabisa."

Seremala akashangaa, kama baadhi yenu mnavyoshangaa sasa. Safi litauaje?

Fundi akamweleza. Samaki anakula humo, anakunya humo, anakojoa humo. Uchafu wake ni sumu, na hana mahali pengine pa kwenda. Kinachomwokoa ni chujio. Ndani ya chujio kuna sponji, na pampu inapitisha maji humo mchana na usiku. Siku zinavyokwenda, sponji inakuwa ya kahawia, inateleza, ukiitazama unakunja uso. Sasa katika utelezi ule ndimo vinamokaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kazi ya vijidudu hivyo ni kuila sumu ya samaki. Havinunuliwi sokoni. Vinakua vyenyewe, polepole, kwa wiki nyingi. Tangi jipya linang'aa kwa sababu bado halina kitu cha kumtetea samaki.

Fundi akanyanyua chujio la tangi lake mwenyewe, akakata kipande cha sponji chafu, akakifunga kwenye mfuko pamoja na maji yake. "Tangi langu hili lina miaka minne. Kipande hiki kaweke kwenye chujio lako, kitakuanzishia. Na usije ukaosha sponji bombani. Maji ya bomba yana dawa ya kuua wadudu, yataua kila kilichomo. Siku ukiona imeziba, chota maji ya tangi lenyewe kwenye beseni, ikamue humo taratibu mara mbili, irudishe. Ibaki na uchafu wake. Na miezi miwili ya mwanzo, kama maji bado yanapita, usiiguse kabisa."

Hebu mtazameni fundi huyo. Mlevi anataka kuacha pombe, na zawadi ya kwanza anayopewa ni kipande cha uchafu wa mtu aliyemtangulia. Sisi tungempa kitabu.

Seremala akatengeneza meza ya mbao za paini, akaweka tangi sebuleni. Wiki ya kwanza maji yakawa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Akataka kuyamwaga yote aanze upya. Akarudi kwa fundi, fundi akamwambia ngoja, akangoja. Wiki ya tatu maji yakatakata yenyewe, akaletewa samaki wanne. Ikifika saa kumi na moja jioni, saa ambayo miguu yake ilikuwa imezoea njia ya kilabu, anavuta stuli anakaa mbele ya tangi. Mkewe analeta chai. Mara ya kwanza aliiweka mezani akaondoka, kwa mazoea. Mara ya pili akaambiwa, "Kaa." Akakaa. Wakaanza kuzungumza, watu wawili waliokuwa hawajazungumza tangu mtoto wao wa kwanza ajifunze kutembea. Siku arobaini na mbili zikapita. Mwanamke alikuwa anazihesabu kimoyomoyo, akiogopa kuzitaja.

Siku ya arobaini na mbili ndiyo akapata ujasiri wa kusema kwenye jumuiya, "Jumamosi hii tusalie kwangu."

Sasa nyinyi mnajua jumuiya ikija kwako maana yake nini. Hamji kusali tu, msinidanganye. Mnakuja na macho. Mnatazama vitambaa vya makochi, mnatazama sufuria zimesuguliwa na mchanga au hazikusuguliwa, na mwingine ataomba kwenda msalani hana haja yoyote. Mama yule alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kukaguliwa kwa siku moja.

Alhamisi kiongozi wa jumuiya, mama mmoja mwenye nia njema, akapita kuona maandalizi. Wenye nia njema tunao wengi, Mungu atusaidie. Akasifia sakafu, akasifia vitambaa, kisha akasogea kwenye tangi.

"Mama, na hiki kinachonguruma humu, mbona kimejaa kitu kama kinyesi?"

"Ni chujio, mama. Mzee hataki kiguswe."

"Mwanamume anajua nini habari ya usafi? Mchungaji anakuja Jumamosi. Ataketi hapa, aelekee hapa."

Ijumaa alfajiri seremala anaondoka kwenda kijiji cha pili kufunga milango, atarudi Jumatatu. Mlangoni akamwambia mkewe, "Samaki wape chakula kidogo tu. Na chujio liache kama lilivyo."

"Wageni wakija je?"

"Liache, mama."

Hakumweleza zaidi. Alikuwa na haraka, na pengine alidhani neno lake linatosha. Mkewe naye akajisemea moyoni, huyu aliyelala mitaroni miaka kumi na mmoja leo ndiye wa kunifundisha uchafu ni upi? Mnamlaumu? Mimi simlaumu sana.

Alipotoka tu, mwanamke akatoa ile sponji, akaipeleka bombani. Akaipiga sabuni ya unga. Akaisugua kwa brashi ya kufulia. Ule utelezi wa kahawia ukaingia mtaroni, akausindikiza na ndoo mbili za maji usije ukanuka. Akaisuuza mara tatu, akaiweka juani ikakauka. Ikawa nyeupe. Akairudisha, akawasha pampu, akafuta kioo kwa gazeti.

Jumamosi jumuiya ikafika. Waliimba, hakutukanwa mtu. Tangi lilikuwa linang'aa, samaki wanapita mbele ya mchungaji kama wamepangwa. Na mchungaji wao, mtu wa maneno mengi kama wachungaji wote, akasema katika maombi ya kufunga, "Tunakushukuru kwa nyumba hii iliyosafishwa." Wote wakaitikia. Yule mama alilia jikoni akipakua wali, na yalikuwa machozi ya furaha.

Jumapili jioni samaki wote wanne wakawa juu ya maji, vinywa nje, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga. Mwanamke akasema wana njaa maskini. Akawatupia chakula. Wakazidi kupanua vinywa, akawaongezea. Mmewahi kumwona samaki akitafuta pumzi nje ya maji, na mtu amesimama juu yake anamrundikia chakula? Chakula chote kile kikazama kikaoza, kikawa sumu juu ya sumu.

Seremala alirudi Jumatatu saa tisa mchana. Watatu walikuwa wameelea. Wa nne alikuwa amelala ubavu chini kabisa, shavu lake linapanda na kushuka. Seremala akakunja mkono wa shati. Akaingiza mkono, akatoa sponji, akaiangalia.

"Umeiosha."

"Nimeiosha, baba. Ilikuwa inatia aibu."

"Kwa maji gani?"

"Ya bomba. Na sabuni, lakini nimesuuza mara tatu, hata harufu haikubaki." Alipouona uso wa mumewe akaongeza upesi, "Baba, si samaki tu? Tutatafuta wengine."

Seremala akasema, "Sawa."

Hakumpiga, hakumgombeza. Alimngoja yule wa nne mpaka shavu likatulia. Akamwaga maji uani, akaosha tangi kwa sabuni nyingi, maana sasa halikuwa na wa kudhurika, akalifuta, akaligeuza kifudifudi juu ya meza ya paini. Akanawa mikono. Ikawa inakaribia saa kumi na moja. Akachukua koti.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nanyoosha miguu."

Mwanamke akasimama dirishani aone atakata kushoto au kulia. Alikata kulia. Huko kulia kulikuwa na duka la mbegu, kituo cha mbolea na kilabu, na duka la mbegu na kituo cha mbolea vilikuwa vimefungwa.

Mfano umekwisha. Yule mama pale nyuma anatikisa kichwa kwa ajili ya samaki. Tikisa, mama, lakini samaki hao nimewatunga. Mimi samaki wa kioo sijafuga, nimefuga wa bwawani na nimewala wote. Sasa nasema ambacho sikukitunga.

Mwaka jana kila Jumanne jioni, hapo nyuma kwenye stoo ya mahindi ya usharika, walikuwa wanakutana wanaume kumi na mmoja. Hakuna kikao kilichowaanzisha. Aliyewakusanya ni ndugu yetu Kihwele, fundi wa baiskeli. Naye Kihwele mwenyewe alikuwa anaanguka kila baada ya miezi miwili mitatu. Anaanguka, na Jumanne inayofuata anakuja bado ananuka, anakaa juu ya gunia, anasema, "Jamani, mwenzenu nimeanguka. Nani mwingine?" Na kuna mwingine anainua mkono. Walikuwa wanavuta sigara mlangoni. Walitaniana matusi. Mapambio waliyaharibu, sote tuliyasikia. Na mmoja wao asipoonekana, walimfuata kilabuni, wakakaa naye na soda zao mpaka akakubali kurudi nyumbani. Kilichotuudhi zaidi ni hicho. Watu wa usharika wanaonekana kilabuni.

Kikundi hakikuwa na mwaka. Kilikuwa na miezi mitano.

Tukakaa baraza la wazee. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Tukasema jambo ni jema ila linahitaji kuwekwa sawa. Tukaamua anayeanguka hawezi kuongoza wanaosimama. Tukaamua sigara hapana, kilabuni hapana. Tukawapa mwalimu mwenye cheti, mtu safi, ambaye hajawahi kuonja. Tukaweka kitabu cha mahudhurio, na atakayekuja ananuka asiandikwe. Tukatoa magunia stoo, tukapaka chokaa, tukapanga viti. Palipendeza. Nani hapa hakupasifia? Mimi niliombea uzinduzi, na msinikumbushe nilichosema.

Yule mama wa mfano ana udhuru wake. Aliambiwa acha, hakuambiwa kwa nini. Sisi tuliambiwa kwa nini. Kihwele aliingia mbele ya baraza na kofia mkononi, akasema, "Wazee, nikijifanya mimi ni safi, hawa watamwambia nani?" Tukamshukuru kwa mchango wake, tukamwomba asubiri nje.

Wiki ya tatu walikuja sita. Wiki ya tano wakaja wawili, wakamsikiliza mwalimu, wakaaga kwa heshima. Tukasema watu hawa hawapendi Neno. Tukawapelekea vipeperushi. Walikuwa wanatafuta pumzi, na sisi tunawarundikia vipeperushi.

Siku moja Kihwele alinisimamisha langoni. Akaniuliza, "Mchungaji, nikianguka sasa niende wapi?" Nikamjibu, na jibu langu ninalo mpaka leo, halitoki. Nikamwambia, "Ofisi iko wazi, Jumatatu hadi Ijumaa." Akasema asante. Aliitoa kofia akasema asante.

Jumatano iliyopita tumemzika. Mlikuwapo wengi, chakula kilitosha, kwaya iliimba. Na nilimsikia mtu mmoja wa humu humu, simtaji, akisema pale kaburini, "Huyu alipewa kila nafasi."

Ndugu zangu, hakupewa. Alikuwa nayo, tukamnyang'anya, tukaipeleka bombani. Pale kwenye magunia, katika matusi na moshi na harufu ya ulanzi wa jana, palikuwa na kitu kinachokula sumu yao, nacho kilikuwa hai. Sisi hatukukiona, kwa kuwa sisi tumezoea kuwa Mungu anakaa palipopigwa deki. Tukasugua mpaka pakawa peupe, kisha tukashangaa watu wanakufa.

Kuna mzee anasubiri niteremke aniambie, mchungaji, unatetea dhambi. Sitetei. Fundi hakusema sponji isioshwe milele. Alisema ioshwe katika maji yake yenyewe, taratibu, na tangi likiwa limekomaa. Mwenye neno la kumwonya Kihwele angekwenda kukaa juu ya gunia pembeni yake, Jumanne hata kumi, avute ule moshi, asikie aibu zao, na aseme mojawapo ya aibu zake. Baada ya hapo angeonya, na angesikilizwa. Nani kati yetu alikwenda? Ninyi wazee hamkwenda. Wala mimi sikwenda, na nyumba yangu iko hatua hamsini kutoka stoo.

Sisi ni watu wa kukaribisha. Mgeni akiingia humu tunampigia makofi, kisha tunaanza kumvua. Tunamvua marafiki zake, lugha yake, na ile kamba mbovu aliyoishikilia mpaka akatufikia. Hatungoji apate kamba nyingine. Akizama tunaandika kwenye ripoti ya mwaka kwamba alirudi nyuma.

Jumanne saa kumi na moja nitafungua stoo mwenyewe. Viti nitavitoa, magunia nitayarudisha, na mwalimu nimeshamwambia apumzike. Kitabu cha mahudhurio nimekichoma. Wamebaki wanaume kumi. Nimepita kwa kila mmoja tangu mazishi, nimewaomba waje. Hakuna aliyenijibu vibaya. Wote wamesema tutaona, mchungaji, na wameniangalia kama mnavyomwangalia mtu aliyewahi kuja kwenu kukagua. Sijui kama watakuja. Ningekuwa mmoja wao, nisingekuja.